Tunapenda Kofi, Tunamsahau Kuku

Mwaka jana, mapema Oktoba, mteja mmoja alinipigia simu akitaka uzi wa mtandaoni kuhusu Mekatilili wa Menza. Siku ya Mashujaa ilikuwa inakaribia na alitaka kitu cha kuweka kwenye akaunti ya kampuni yake, kitu "chenye moto". Bei ilikuwa shilingi 3,000. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo naishi kwa vibarua vya kuandika. Elfu tatu huwa sibishani nayo. Nilikubali hata kabla hajamaliza kueleza.

Niliandika vipande 14. Alirudisha 6. Alikuwa ametoa kodi ya nyumba, ametoa mashamba ya miti ya mpira, ametoa sheria ya ardhi ya 1908, ametoa mto Sabaki wote. Kilichobaki ni mama mjane, Mzungu, kofi, kifungo, kutoroka kutoka Kisii kwa miguu, na neno "malkia" mara mbili. Nilipomuuliza mbona, akaniambia hizo zingine zinachosha, watu wako kwenye simu bana, wanataka stori. Uzi ukasambaa vibaya sana, hata watu ambao hawanijui wakanitumia wenyewe. Nililipwa siku hiyo hiyo, jambo ambalo kwa kazi yetu ni muujiza.

Halafu binamu yangu, ambaye anaishi na nyanya yetu huko Magarini, akamsomea nyanya ule uzi kutoka kwenye simu. Nyanya alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yule kuku mumemweka wapi?"

Makala haya ni jibu la swali hilo. Limenichukua karibu mwaka mzima, kwa sababu mwanzoni nilidhani nyanya anadai tu kipande cha hadithi alichozoea. Baadaye ndio nikaona alikuwa ameweka kidole mahali penye kidonda. Tumejifunza kuusimulia upinzani wa Wagiriama wa 1913 na 1914 kwa njia ambayo inaacha nje sababu zake. Na hatuachi kwa bahati mbaya. Tunaacha kwa sababu shujaa asiye na sababu ni rahisi kumpenda, ni rahisi kumchora ukutani, na hamsumbui mtu yeyote aliye hai.

Tuanze na kofi, kwa sababu kila mtu analijua. Mwaka 1913 kulikuwa na mkutano. Arthur Champion, afisa wa serikali ya Kiingereza aliyepewa kazi ya kuwatawala Wagiriama, alikuwa anawaambia watu serikali inataka nini. Mekatilili akasimama, wakabishana, akamzaba kofi. Ndivyo tunavyosimuliwa. Kofi hilo limekuja kwetu kwa masimulizi ya mdomo, na sitaki kubishana hapa kama lilitokea ama halikutokea. Ninachouliza ni kazi gani linafanya ndani ya hadithi.

Kofi linafanya kazi moja: linatupa raha. Mtu mdogo anampiga mtu mkubwa mbele ya umati. Lakini hebu litoe kofi hilo Giriama, uliweke popote pale. Liweke kwenye mzozo wa makanga na askari wa kaunti. Bado linafanya kazi, bado tunapiga makofi. Hii ndiyo shida yake. Kofi haliambii msikilizaji lolote kuhusu mahali, mwaka, wala mzozo wenyewe. Ukimuuliza mtu aliyesoma uzi wangu Mekatilili alikuwa anakataa nini hasa, atakujibu "ukoloni". Sawa, lakini ukoloni ulikuwa umekaa Pwani tangu 1895. Mbona kofi likaja 1913?

Sasa sikiliza ya kuku. Kwenye mkutano huo huo, masimulizi yanasema, Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamrukia na kumdonoa. Mekatilili akasema: hivyo ndivyo itakavyokuwa ukija kuchukua wana wetu.

Ona tofauti. Hadithi ya kuku haiwezi kuhamishwa ovyo, kwa sababu ndani yake kuna dai. Champion amekuja kuchukua nini? Vifaranga. Vifaranga ni akina nani? Vijana. Hadithi fupi kiasi hicho imebeba sababu kuu ya upinzani wote, na imeibeba kwa njia ambayo mtoto wa darasa la pili anaielewa. Wazee waliosimulia hivi walikuwa wanafanya uchambuzi wa uchumi, na mimi niliyekaa chuo miaka mitatu niliufuta ndio nibaki na kofi.

Kwa hivyo turudi kwenye sababu zenyewe. Mwanahistoria Cynthia Brantley alichapisha kitabu mwaka 1981 kuhusu Wagiriama na upinzani wao, na mpaka leo ndicho kitabu ambacho kila mtu anayeandika jambo hili kwa makini hulazimika kukipitia. Nguvu yake ni kwamba hakianzi na Mekatilili. Kinaanza karibu karne nzima kabla yake, kwa kueleza Wagiriama walikuwa wanaishi vipi. Ukikisoma hivyo, ukifika 1913 huhitaji mtu mwenye hasira maalum ili uelewe kilichotokea.

Picha yenyewe ni hii. Wagiriama ni mmoja wa miji tisa ya Mijikenda. Zamani walikaa ndani ya kaya yao, kijiji kilichozungushiwa msitu, ambacho tunakiita Kaya Fungo. Katika karne ya 19 walianza kutoka na kusambaa kaskazini kutafuta ardhi ya kulima, hadi wakafika Sabaki, na kufikia mwisho wa karne hiyo wengine walikuwa wamevuka mto na kulima ng'ambo. Ardhi ile ilikuwa nzuri. Walilima mahindi na mtama, wakauza Malindi. Walifanya pia biashara ya pembe za ndovu kutoka bara. Kayani walibaki wazee wachache, lakini kaya iliendelea kuwa mahali pa viapo, pa maombi na pa maamuzi makubwa.

Watu hawa hawakuwa wanangoja mtu aje awape kazi. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Serikali ilileta kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, ikilipwa kwa rupia. Wagiriama hawakuipenda, lakini kwa miaka kadhaa waliivumilia kwa njia ambayo sisi sote tunaijua: walilipa walipobanwa, walikwepa walipoweza, na waliolipa walitoa pesa kwa kuuza nafaka. Kodi pekee haikuleta vita.

Kilichobadilika ni mashamba ya mwambao. Mwaka 1907 serikali iliondoa uhalali wa utumwa Pwani. Mashamba ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yamelimwa na watumwa yakakosa mikono. Wakati huo huo makampuni ya Wazungu yalikuwa yanakuja na ndoto za mpira na pamba, hasa upande wa Malindi, kwa sababu bei ya mpira duniani ilikuwa imepanda. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwambao. Wenye madai walitakiwa wayalete yasajiliwe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Waliofaidika zaidi ni wale waliojua karatasi na mahakama. Mijikenda wengi, waliojua shamba ni lako kwa kulilima na kuzika wazee wako pale, walibaki nje.

Weka hayo mambo pamoja. Una mashamba mapya, hakuna wafanyakazi, na upande wa pili wa kilima kuna maelfu ya vijana wenye nguvu ambao hawataki mshahara wako kwa sababu nyumbani kuna mahindi. Mwaka 1912 Champion aliletwa akae kati ya Wagiriama, chini ya Charles Hobley aliyekuwa mkuu wa mkoa. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi na kutoa vijana waende kwenye mashamba na kazi za serikali. Kodi sasa haikuwa tena njia ya kupata rupia tu. Ilikuwa fimbo ya kumsukuma kijana atoke nyumbani.

Ndiyo maana 1913 na si 1903. Ndiyo maana kuku na vifaranga.

Kuna kipande kingine ambacho kwenye masimulizi ya siku hizi hutumiwa kueleza Mekatilili kama mtu: inasemekana kaka yake, Mwarandu, alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa walipokuwa wadogo. Kwenye nyuzi na video, hiki huwekwa mwanzoni kama kidonda cha utotoni kinacholipizwa baadaye, kama vile filamu za mashujaa huanza. Mimi pia niliweka hivyo. Lakini kisome pamoja na mwaka 1907 na kinageuka. Shamba lililotaka mtumwa ndilo sasa linataka kibarua. Mama yeyote wa Kigiriama aliyekuwa na umri wa kutosha mwaka 1913 alikuwa ameona watu wakichukuliwa kwenda kulima mwambao. Alipoambiwa safari hii ni kazi ya hiari, yenye mshahara, na askari amesimama nyuma ya anayekuambia hivyo, alikuwa na haki ya kutoona tofauti. Huhitaji kidonda cha mtu mmoja. Lilikuwa jambo la watu wote.

Sasa niseme kitu ambacho hakitawapendeza wasee wangu wengi. Vita hivi vilikuwa juu ya jasho la vijana, lakini vijana wenyewe hawakuwa wasemaji wakuu. Kwenye mji wa Kigiriama, kazi ya kijana ilikuwa ya baba. Baba ndiye aliyetoa mahari, na kijana alilima shamba la mji mpaka atakapokuwa na mji wake. Serikali ilipotaka kijana, ilikuwa inamnyang'anya baba. Tena Mekatilili hakuwa anahubiri mapinduzi ya kupindua kila kitu. Alitaka watu warudi kwenye utaratibu wa kaya, wazee wapate nguvu zao tena, na machifu waliowekwa na serikali wapuuzwe. Kwa lugha ya leo tungemwita mhafidhina. Wakati huo huo alikuwa mwanamke anayesimama mbele ya wazee wa kiume na kuwaambia wamelala. Yote mawili ni kweli. Uzi wangu haukuwa na nafasi ya hata moja.

Ninasisitiza hili kwa sababu mhakiki mvivu angesema tatizo la masimulizi ya mtandaoni ni kwamba yamekuwa ya mtandaoni. Hapana. Hadithi ya kuku ni fupi kuliko uzi wowote, na inabeba zaidi. Ufupi hauna kosa. Kosa ni kuchagua kipande kinachotupendeza na kutupa kipande kinachoeleza.

Na kosa hili si jipya. Hapa ndipo niliposhtuka kweli. Ukiangalia maafisa wa Kiingereza walivyolieleza jambo hili, unakuta wao pia walifanya kama mteja wangu. Kwao, Wagiriama walikuwa watulivu mpaka mwanamke mmoja alipowachochea. Vile viapo, mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume, walivisoma kama uchawi unaowatisha watu wajinga. Ngoma ya kifudu, ambayo Mekatilili alizunguka nayo akikusanya watu kutoka mji hadi mji, ikawa kelele.

Lakini hebu uangalie viapo vile vilifanya nini. Vilimfunga kila aliyekula asimfanyie Mzungu kazi na asimtii. Chifu aliyeajiriwa na serikali akajikuta hana wa kumtuma, na yeye mwenyewe anaogopa. Kwa jamii iliyosambaa eneo kubwa, isiyo na mfalme wala jeshi, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuwafanya watu wote wagome siku moja. Sisi tungeita chama. Serikali iliita uchawi, kwa sababu ukisema ni chama itabidi uulize wanachama wanataka nini.

Hatua waliyochukua inaonyesha nadharia waliyokuwa nayo. Oktoba 1913 walimkamata Mekatilili pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii, upande mwingine wa nchi. Maana yake: toa mtu, utakuwa umetoa sababu. Wawili hao walitoroka mwanzoni mwa 1914 na kurudi nyumbani, mamia ya kilomita. Safari hiyo ni ya ajabu na inastahili sifa zote tunazoipa. Lakini kumbuka kwamba walipokuwa Kisii, vijana hawakujipanga foleni kwenda mashambani. Sababu ilikuwa imebaki pale pale Giriama, kwenye daftari la kodi.

Kwa hivyo serikali ikajaribu dawa nyingine ya aina ile ile. Mapema Agosti 1914, siku zile zile Uingereza ilipokuwa inaingia vitani na Ujerumani, ililipua kaya kwa baruti. Mtu ametolewa na bado. Sasa tutoe mahali. Vita vyenyewe vikafuata. Askari wa KAR walichoma nyumba, wakachukua mifugo, na zaidi ya Wagiriama 100 wakauawa. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, wanaume 1,000 watolewe kwenda kazi, na watu wahame kaskazini mwa Sabaki.

Soma hayo masharti polepole. Pesa, vijana, ardhi. Serikali iliyokuwa imesema tatizo ni uchawi wa mwanamke ilipopata ushindi haikudai uchawi. Ilidai vitu vitatu ambavyo Wagiriama walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba ndivyo vinavyotakiwa. Sijawahi kuona ushahidi mzuri zaidi wa sababu za vita kuliko orodha ya alichodai mshindi. Ilikuwa kwenye kipande cha 11 cha uzi wangu. Mteja aliifuta akaandika pembeni, "nambari nyingi".

Champion mwenyewe ana kisa chake. Mwaka 1967, Kenya ikiwa imeshapata uhuru, kilichapishwa kitabu chake kuhusu mila na desturi za Wagiriama, na watafiti bado wanakitumia. Mtu aliyetumwa kutoa vijana kwenye miji ile ndiye pia aliyeacha maandishi juu ya jinsi miji ile ilivyoishi. Sisemi kitabu hicho kitupwe. Nasema kinatukumbusha kwamba unaweza kujua mengi kuhusu mila za mtu na bado usitake kusikia anakuambia nini. Sisi tunaovaa fulana za Mekatilili kila Oktoba tuko karibu na hali hiyo kuliko tunavyodhani. Tunajua mavazi, tunajua ngoma, tunajua kofi.

Mtu atasema: kwani kuna ubaya gani? Wacha watoto wapate shujaa wao, tena mwanamke, tena wa Pwani, baada ya miaka mingi ya vitabu vya shule vilivyojaa wanaume wa bara. Hoja hii naiheshimu. Mekatilili hakufika kwenye sanamu na kwenye orodha ya mashujaa kwa urahisi. Kuna watu wa Malindi na Magarini waliopigania hilo miaka mingi, wakaandaa sherehe, wakapiga hodi kwenye ofisi ambazo hazikuwa na haja nao. Bila wao hata mteja wangu asingemjua. Na kofi lina thamani yake: msichana wa Mtwapa akilisikia anajua kwamba mtu kama yeye aliwahi kusema hapana kwa sauti.

Lakini ubaya upo, na si wa kinadharia.

Kwanza, Juni 2024. Tulipoingia barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, sababu zilikuwa kwenye mabango yetu, zingine zikiwa zimetaja hadi vifungu. Moja ya maswali ya kwanza kutoka kwa wakubwa lilikuwa: nani anawafadhili? Nani yuko nyuma yao? Ni swali la Champion lile lile. Watu wa kawaida hawawezi kuwa wamesoma, wakahesabu, wakakataa. Lazima kuna mchochezi. Na sisi tuliochekelea swali hilo ndio tunaosimulia historia yetu kana kwamba jibu lake ni ndiyo, kana kwamba Wagiriama walikuwa wamekaa tu mpaka mtu mmoja wa ajabu akaja. Huwezi kukataa nadharia ya mchochezi leo na kuikumbatia kila Siku ya Mashujaa.

Pili, uvivu. Nimeishi Nairobi miaka sita. Sijui ni mara ngapi nimeambiwa watu wa Pwani ni wavivu, kwa utani, na watu wanaonipenda. Mwaka 1913 mtu ambaye hakwenda kufanya kazi kwa mshahara mdogo kwenye shamba la mwingine, kwa sababu alikuwa na shamba lake lenye mavuno, alionekana mvivu. Wala hakuwa mvivu. Alikuwa amepiga hesabu. Ukiondoa mahindi ya Sabaki kwenye hadithi, unaondoa hesabu hiyo, na kinachobaki ni watu waliokataa kazi. Ukimya wetu kuhusu sababu unalisha utani huo.

Tatu, na hii ndiyo inayomgusa nyanya, ardhi. Ile karatasi ya 1908 haikuisha na ukoloni. Mpaka leo kuna watu wengi Kilifi wanaoishi kwenye ardhi waliyozaliwa, waliyozikia wazazi wao, na wanaitwa maskwota. Nyanya ni mmoja wao. Shamba lake lina minazi ambayo babu aliipanda, lina makaburi mawili, na halina hati. Kila baada ya miaka michache hupita mtu na vyombo vya kupima, halafu huenda zake, halafu kunakuwa na fununu. Kwa nyanya, hadithi ya 1914 haijafungwa. Ndiyo maana kofi halimpi raha kama linavyotupa sisi. Kofi lina mwisho: limepigwa, tumeshinda, endelea na siku yako. Kuku hana mwisho. Kila anayenyoosha mkono anamkuta pale.

Nadhani hapa ndipo tunapaswa kuhukumu masimulizi yetu, iwe ni uzi, mchoro wa ukutani, mchezo wa tamasha la shule, au kitabu cha watoto. Swali la kwanza lisiwe kama limemtukuza shujaa vya kutosha. Liwe hili: msikilizaji akimaliza, anaweza kueleza walikuwa wanakataa nini, na mbona wakati ule? Kama hawezi, umempa sanamu. Sanamu haina shida na mtu yeyote. Mwanasiasa ambaye hajawahi kugusa suala la hati za ardhi anaweza kuja kuiwekea maua, akapigwa picha, akaenda zake. Jaribu kumwalika aje awekee maua ile orodha: faini, vijana, ng'ambo ya Sabaki.

Miezi miwili iliyopita niliandika upya vile vipande 14 na kuviweka kwenye akaunti yangu mwenyewe, bure, nikaanza na kuku. Vilisomwa na watu wachache mno, na nusu yao ni mabeste zangu niliowatumia kwa lazima. Sitawadanganya kwamba nilikuwa sawa na hilo. Elfu tatu ni elfu tatu, na kodi ya nyumba yangu pia haingoji.

Binamu yangu alimsomea nyanya tena. Safari hii alimsimamisha katikati, kwenye kile kipande cha masharti ya amani, akataka arudie. Binamu akarudia: rupia laki moja, wanaume elfu moja, wahame ng'ambo ya mto. Nyanya akasema hiyo anaijua, babake alimweleza, ila yeye hakuwahi kujua kama iliandikwa mahali. Kisha akauliza kama hiyo karatasi inaweza kupatikana, ili wale wa kupima wakija tena awe na kitu cha kuwaonyesha.

Nimemwambia nitaitafuta.